Nilimwambia Aache Mpira kwa Sababu ya Asilimia 15

Septemba 2020 nilimtumia rafiki yangu PDF fupi kwenye WhatsApp, nikaiwekea maneno machache: "Mwanangu, pumzika mpira kwanza. Soma hii." Alikuwa winga wa kushoto wa timu ya chuo tulichokuwa tunasoma pale Njombe. Julai yake alikuwa ameugua bwenini: homa siku tatu, mwili kuuma, halafu ghafla akawa hasikii harufu ya chochote, hata ya kitunguu kinachokaangwa mbele yake. Hakupimwa. Kwa mwanafunzi wa chuo Njombe wakati ule, kupimwa korona kilikuwa kitu cha kusikia redioni. Alikunywa tangawizi na malimao, akajifukiza nyungu kama kila mtu, na baada ya wiki moja akarudi uwanjani.

Mwezi wa kumi alikuwa anatakiwa Makambako. Kuna timu ilikuwa imemwita ili imwangalie.

Aliisoma ile PDF, au alisema ameisoma, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Kwa hiyo kaka, watu kama mimi, kwenye kila mia moja kumi na tano moyo umevimba?" Nikamjibu ndiyo. Hakwenda Makambako.

Nimekuwa nikiikwepa makala hii kwa miaka kadhaa. Nimeamua kuiandika baada ya kuikuta ile asilimia 15 tena, kwenye slaidi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanawasilisha kuhusu michezo na magonjwa ya mlipuko. Imekaa pale, kubwa, nyekundu, haina maelezo. Kwa hiyo leo naihakiki ile karatasi, na kwa kiasi kikubwa zaidi namhakiki aliyeisoma, yaani mimi.

Karatasi yenyewe ilitoka Septemba 11, 2020 katika jarida la JAMA Cardiology. Iliandikwa na Saurabh Rajpal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Walichukua wanamichezo 26 wa chuo hicho waliokuwa wamekutwa na virusi vya korona, wakawapiga MRI ya moyo. Hakuna aliyekuwa amelazwa. Wengine walikuwa na dalili ndogo, wengine hawakuwa na dalili kabisa. Wanne kati yao, ndiyo hiyo asilimia 15, picha zao zilionyesha ishara za msuli wa moyo kuvimba. Msuli wa moyo ukivimba halafu mtu akaendelea kukimbia kwa nguvu zote, mapigo yanaweza kuvurugika na mtu akaanguka akafa papo hapo. Si hadithi. Ni moja ya sababu zinazojulikana za vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana, na ilijulikana hivyo miaka mingi kabla ya korona.

Sasa unaelewa kwa nini niliogopa.

Tuanze na namba 26. Ukipata wanne kwenye 26, hesabu ya kawaida ya takwimu inakuambia kwamba kiwango halisi kwa wanamichezo wote wa aina hiyo kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 4 hivi na asilimia 35 hivi. Huo ni upana wa ajabu. Ni kama kumuuliza kondakta Kosta inafika saa ngapi, akakuambia kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hajakudanganya, ila huwezi kupanga safari kwa jibu hilo. Mimi sikumtumia rafiki yangu "kati ya 4 na 35". Nilimtumia 15.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba hapakuwa na kundi la ulinganisho. Fikiria umepima urefu wa mabeki wa timu iliyofungwa mabao matano, ukakuta wanne ni wafupi, ukatangaza kwamba ufupi ndio uliowaponza. Mabeki wa timu iliyoshinda je? Pengine nao wafupi ni wanne. Kwenye moyo jambo hili ni zito kuliko kwenye urefu, kwa sababu moyo wa mwanamichezo haufanani na wa mtu wa kawaida. Miaka ya mazoezi huupanua, kuta zake huongezeka unene, mapigo ya kupumzika hushuka, na hata kwenye MRI baadhi ya wanamichezo wazima huonyesha vialama ambavyo kwa mtu mwingine vingemshtua daktari. Ili ujue kwamba alama unayoiona imeletwa na korona, inabidi uwapige picha pia wanamichezo wa aina hiyohiyo ambao hawakuugua. Ohio State hawakufanya hivyo.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Waandishi wenyewe walisema. Mwishoni mwa karatasi wameandika kwamba zinahitajika tafiti kubwa zaidi zenye makundi ya ulinganisho. Sentensi ipo, imeandikwa kwa herufi za kawaida, na mimi niliiruka kwa sababu nilikuwa nimeshaona namba. Nilikuwa kipa wa akiba, jamani, nilikuwa na muda wote duniani wa kusoma mpaka mwisho.

Kwa kujitetea kidogo: upepo wote ulikuwa unavuma upande huo. Julai 2020 ulikuwa umetoka utafiti wa Frankfurt, Ujerumani, ulioripoti kwamba watu 78 kati ya 100 waliopona korona walikuwa na kasoro fulani kwenye MRI ya moyo. Walikuwa watu wazima wa umri wa kati, wala si wanamichezo, na karatasi ile ilibidi isahihishwe mwezi uliofuata baada ya wasomaji kuonyesha makosa kwenye takwimu zake, ingawa waandishi walisimamia hitimisho lao kuu. Agosti 11 ligi ya vyuo vikuu vya Marekani iitwayo Big Ten ikaahirisha msimu wake wa mpira wa Kimarekani, na hofu ya moyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa sana. Septemba 16, siku tano tu baada ya karatasi ya Ohio State, ligi hiyohiyo ikageuza uamuzi: watacheza, ila kila mchezaji atapimwa virusi kila siku, na atakayekutwa navyo atakaa nje siku zisizopungua 21 na kupigwa picha ya moyo kabla ya kurudi.

Sharti hilo lilizaa takwimu ambazo mwanzoni hazikuwepo. Mwaka 2021 vyuo vikuu 13 vya Big Ten vilichapisha matokeo ya wanamichezo 1,597 waliopona korona na kupigwa MRI wote. Waliokutwa na msuli wa moyo uliovimba walikuwa 37, asilimia 2.3. Mwaka huohuo jarida la Circulation likatoa takwimu za vyuo 42, wanamichezo 3,018 waliokutwa na virusi, wengi wao wakichunguzwa kwa vipimo vya kawaida vya moyo na MRI ikitumika kwa baadhi tu. Waliohisiwa au kuthibitika moyo umeguswa walikuwa 21, yaani asilimia 0.7.

Ukizigeuza namba hizo ziwe watu, ndiyo utaona nilichokifanya. Timu yetu ilikuwa na wachezaji 25. Tuseme wote waliugua. Kwa asilimia 15, watatu au wanne wana moyo uliovimba, na inabidi usimamishe timu nzima leo. Kwa asilimia 2.3, unahitaji wagonjwa 43 hivi ndipo umpate mmoja. Kwa asilimia 0.7, unahitaji zaidi ya 140, yaani timu nzima karibu sita.

Ila subiri, usikimbilie upande wa pili. Kuna mambo mawili kwenye takwimu za Big Ten ambayo wanaopenda kusema "mliona, ilikuwa kelele tu" huwa hawayataji. La kwanza, kati ya wale 37, 28 hawakuwa na dalili za wazi za ugonjwa wa moyo. Kama vyuo vingewapima moyo wale tu waliolalamika kifua, wangewapata watano peke yake. La pili linanisumbua zaidi: kiwango kilitofautiana kati ya chuo na chuo, kutoka sifuri mpaka asilimia 7.6. Ugonjwa uleule, vijana wa umri uleule. Kilichobadilika kwa sehemu ni jicho la msomaji wa picha na mahali alipoweka mstari kati ya "moyo wa mwanamichezo" na "moyo mgonjwa". Kwa hiyo hata hiyo 2.3 usiikumbatie kama tarehe ya kuzaliwa.

Bwenini kwetu kulikuwa pia na kambi nyingine, wale wa "mtu wa mazoezi korona haimuwezi". Nao wana karatasi zao. Utafiti wa California wa mwaka 2021, wenye wagonjwa 48,440, ulionyesha kwamba waliokuwa hawafanyi mazoezi kabisa walikuwa na uwezekano wa kufa wa karibu mara mbili na nusu kuliko waliofanya mazoezi kwa kiwango kinachoshauriwa. Sawa. Lakini kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka. Si dakika 90 za mechi siku ya nane baada ya homa. Upande wa pili kabisa kuna utafiti wa zamani wa mbio za Los Angeles za mwaka 1987, ambako asilimia 12.9 ya wakimbiaji walisema waliugua wiki iliyofuata, dhidi ya asilimia 2.2 ya wenzao waliojiandaa lakini hawakukimbia. Umetumika miaka mingi kusema mazoezi makali hushusha kinga. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner waliandika uhakiki mkali wa wazo hilo: waliojieleza kuwa wanaugua hawakupimwa, na kukaa na maelfu ya watu kwenye mstari wa kuanzia ni njia nzuri tu ya kuambukizwa, kinga ishuke isishuke. Bwenini kila kambi ilichukua karatasi inayoipenda.

Turudi Njombe sasa, maana mpaka hapa tumekaa Marekani, na kosa langu lilianzia hapo hapo.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata shule zikafungwa, ligi zikasimama, na vyuo navyo vikafuata. Mimi nilirudi nyumbani Makambako. Niliendelea kupiga tizi peke yangu alfajiri kandokando ya reli ya TAZARA, nikikwepa upande wa barabara kuu ambako malori ya Zambia na Kongo yanapumzika, kwa sababu wakati ule madereva wa malori ndio waliokuwa wanaogopwa na kila mtu. Mwanzoni mwa Mei takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509, na zaidi ya mwaka ukapita kabla ya namba kuanza kutoka tena. Juni 1 vyuo vikafunguliwa na michezo ikaruhusiwa. Siasa za uamuzi huo wengine wameshaziandika. Ninachosema ni cha kitakwimu: tulirudi uwanjani bila kujua wagonjwa ni wangapi, na pasipo idadi hiyo asilimia yoyote ni hewa. Ndiyo maana namba ya Ohio ilinikamata kirahisi. Nilikuwa na njaa ya namba, nikala ya kwanza iliyopita.

Na hata kama ingekuwa sahihi, ilitoka mahali ambako mchezaji anapimwa kila siku na MRI iko jengo la pili. Rafiki yangu hakuwa na uhakika hata kama alichougua ni korona. Ushauri wa "usicheze mpaka upigwe MRI" kwa mtu wa Njombe wa mwaka 2020 ulikuwa na maana moja tu: usicheze.

Kuna mfano mwingine unaonyesha jinsi ushauri unavyoharibika njiani. Dada wa mwenzetu mmoja, muuguzi, alituletea kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Tukakaa kwenye mstari tukijipima. Wengi 95, 96, wawili 94. Kwenye simu tulikuwa na bango lisemalo ukishuka chini ya 94 ni dalili ya ugonjwa mkali. Wale wawili hawakulala usiku ule. Mwongozo wa NIH ya Marekani, ambao hiyo 94 ilikuwa ndani yake, ulisema wazi kwamba ni kipimo cha mtu aliye usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu. Hewa ya pale ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo mtu mzima kabisa aweza kusoma 94 au 95 akiwa anakunywa chai. Maneno "usawa wa bahari" yalidondoka mahali fulani kati ya mwongozo na bango.

Halafu kuna baridi. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai anajua kwamba kukimbia alfajiri kunakohoza kila mtu, kwa sababu hewa baridi na kavu huibana mirija ya mapafu. "Mwenye kikohozi asije mazoezini" ingefuta timu nzima. Na baridi hiyohiyo ilitufanya tufanye jambo la hatari kuliko yote bila hata mmoja wetu kulifikiria. Tulikuwa tunatakasa mpira kwa dawa, tunanawa maji tiririka, hatushikani mikono baada ya mechi. Kisha tunapanda Kosta kwenda kucheza Makambako, kilomita 60 hivi, watu thelathini, vioo vyote vimefungwa, tunaimba. Mwaka 2020 watafiti wa ligi ya raga ya Uingereza walipofuatilia wachezaji waliocheza wakiwa na virusi bila kujua, hawakukuta uwanja kuwa ndio mahali pa kuambukizana; vyanzo vilivyoonekana vilikuwa ndani ya klabu na kwenye maisha ya nje ya mechi. Kipa wa akiba nilikuwa naimba kwa sauti kuliko wote, maana sikuwa na la kuchosha mapafu.

Ushauri gani basi ungefaa? Ulikuwepo. Juni 2020, miezi mitatu kabla ya karatasi ya Ohio State, madaktari wa michezo wa Uingereza walichapisha katika British Journal of Sports Medicine mwongozo wa ukurasa mmoja. Pumzika siku zisizopungua 10 tangu dalili zianze, na uwe umemaliza siku 7 huna dalili. Kisha siku mbili za mazoezi mepesi, dakika 15 tu, mapigo yasizidi asilimia 70 ya kiwango chako cha juu. Kisha unapanda ngazi kidogokidogo, na mechi si kabla ya siku ya 17. Ukihisi kifua, mapigo kwenda kombo au kizunguzungu, simama umwone daktari.

Haukuwa na utafiti mkubwa nyuma yake. Yalikuwa maoni ya wataalamu, na hilo nalo ni la kuhakikiwa. Lakini tazama unahitaji nini: saa na vidole viwili shingoni. Kwa kijana wa miaka 22, kiwango cha juu kwa kukadiria ni 220 toa umri, yaani 198. Asilimia 70 yake ni 139 kwa dakika, sawa na mapigo 35 kwa sekunde 15. Kanuni hiyo ya 220 ni ya wastani na inaweza kumkosea mtu kwa mapigo kumi au zaidi, ila kwa kazi hii inatosha. Na inaufaa mwinuko wa Njombe kuliko kuhesabu mizunguko ya uwanja, kwa sababu kule juu moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule.

Rafiki yangu angeweza kufanya hivyo vyote katikati ya Agosti na bado akawahi Makambako. Hilo ndilo ninalolijua sasa. Siku ya nane aliyorudi ilikuwa mapema mno, na mimi Agosti yote sikumwambia chochote. Septemba, alipokuwa ameshacheza wiki sita bila tatizo lolote, ndipo nikamwambia aache.

Sasa hivi anauza miche ya parachichi, na Jumapili anacheza bonanza. Takwimu za Big Ten zilipotoka nilimtumia, nikamwandikia na maelezo marefu ya kuomba radhi. Tiki mbili za bluu, kimya siku tatu. Kisha akanijibu:

"Hawa wamepimwa wangapi?"

1,597, nikamwambia.

"Na ambao hawakuugua, nao wamewapiga picha?"

Nikairudia karatasi yote mpaka mwisho kabla ya kumjibu. Hapana.